Nilivyonunua Nyumba Mlalo

Tangu niliponunua nyumba hapa Mlalo, walimu wenzangu na Wakristo wengine wameniuliza mara nyingi, "Uliipataje? Ulilipa kiasi gani? Ulianzia wapi?" Wengi wao ni watu wenye akiba ndogo waliyoiweka kwa miaka mingi, nao waogopa kuipoteza kwa siku moja. Basi nimeona ni afadhali niandike habari yote mara moja, pamoja na kosa langu, mtu asije akadhani kwamba nilikuwa na hekima tangu mwanzo. Hekima niliyo nayo katika jambo hili, hiyo nayo niliinunua, na bei yake sitaificha.

Wasioijua Mlalo nitawaeleza kwa ufupi. Mtu akiacha barabara kuu pale Mombo hupanda milima ya Usambara kwa njia ya kupindapinda, akapita Soni, akafika Lushoto. Kutoka Lushoto husafiri tena kama kilometa 30 kwenda upande wa kaskazini, hata aone bonde pana limefunguka chini yake. Katika bonde hilo wapita mto Umba, ambao hushuka kutoka milima hii mpaka nyikani, ukavuka mpaka wa Kenya na kuingia baharini karibu na Vanga. Mji wenyewe ni mdogo, lakini ni wa zamani. Nyumba zake nyingi za kale ni za ghorofa, kuta zake ni za udongo, na mbele zina roshani za mbao zilizochongwa. Mgeni akizitazama kutoka ng'ambo ya mto hustaajabu, maana hakutazamia kuona nyumba za namna ile mlimani.

Injili ilifika hapa mwaka 1891, wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipojenga kituo chao na kukiita Hohenfriedeberg. Kwa hiyo mji huu una kumbukumbu ndefu, na nyingine ni za uchungu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa bonde hili kulima kwa matuta, ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ya kuuokoa udongo haikuwa mbaya, lakini watu waliamriwa badala ya kushauriwa, hata wakaichukia kazi yenyewe, na mwisho mpango ukaachwa. Habari hizo zingali zikisimuliwa. Jambo la ardhi likitendeka bila wenyewe kuulizwa, watu wa hapa hulitazama kwa mashaka. Mimi nilizisikia habari hizo kama hadithi ya zamani, wala sikufikiri kwamba zanihusu.

Mimi si mzaliwa wa milimani. Nilizaliwa tambarare, karibu na Korogwe, katika kambi ya shamba la mkonge. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Nyumba tuliyolala haikuwa yetu, bali ilikuwa ya shamba: chumba kimoja katika safu ya vyumba vinavyofanana, kila mlango na namba yake. Mama alipopanda mpapai nyuma ya chumba, baba alimwambia, "Unawapandia wengine." Na kweli ikawa hivyo. Kazi ilipokwisha tulipewa siku chache tu za kuondoka, na mpapai ule ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuzaa. Nilikuwa na miaka 11. Tangu siku ile nilitamani niwe na nyumba ambayo hakuna mtu awezaye kusimama mlangoni na kuniambia, "Toka." Naandika haya ili mjue tamaa yangu ilitoka wapi, na kwa nini ilikuwa na nguvu.

Nilipomaliza chuo cha ualimu cha kanisa nililetwa kufundisha huku. Mimi na mke wangu tukapanga vyumba viwili, tukaanza kuweka akiba katika chama cha akiba na mikopo. Mimi niliweka sehemu ya mshahara, naye aliweka fedha za karoti na kabichi alizolima katika shamba la kukodi. Baada ya miaka 8 tulikuwa na shilingi 16,000,000. Msidhani zilikuja kwa urahisi. Kuna miaka tuliyokaa bila kununua nguo mpya hata ya Krismasi.

Sasa, karibu na daraja ilikuwapo nyumba moja niliyoipita kila siku nikienda shuleni. Ilikuwa ya ghorofa, na roshani yake ilitazama mto. Asubuhi jua lilipotokea mlimani, nyumba ile ndiyo iliyopata mwanga kwanza. Nilikuwa nikipunguza mwendo nikiipita, kama mtoto apitaye mbele ya duka la vitumbua. Ndani yake alikaa mama mjane, Mkristo mwenzetu, ambaye mumewe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo.

Siku moja alinijia kijana wa rika langu, anayefanya kazi Tanga. Akasema, "Mwalimu, nimesikia watafuta nyumba. Ile ya karibu na daraja ni ya marehemu baba yangu, na mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Nitakupa kwa shilingi 15,000,000. Lakini nataka mtu atakayelipa upesi, bila maneno mengi."

Nikamwuliza, "Na mama je?"

Akajibu, "Mama nitamchukua akae kwangu Tanga. Tumekwisha sema."

Basi nikafurahi, nikaacha kuuliza. Usiku ule ule nilimpelekea arbuni ya shilingi 2,000,000 kwa simu. Tukaandikiana katika karatasi iliyochanwa daftarini, yeye akatia sahihi na mimi nikatia sahihi. Shahidi hakuwapo hata mmoja. Mke wangu nilimweleza kesho yake, fedha zilipokuwa zimekwisha kwenda. Alinitazama tu, akaendelea kupepeta mchele.

Nataka kusema kweli hapa, maana bila hivyo kuandika kwangu hakuna faida. Moyoni nilikuwa na maswali matatu. La kwanza, kwa nini bei ni ndogo, ilhali nyumba kama ile huuzwa kwa zaidi ya shilingi 20,000,000? La pili, haraka hii ni ya nini? La tatu, kwa nini mama mwenyewe hajaniambia neno, na kila Jumapili twasalimiana mlangoni mwa kanisa? Mtu asiseme kwamba nilidanganywa na yule kijana peke yake. Maswali hayo niliyaona vizuri, nikayafunika, kwa sababu niliogopa majibu yake.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua fundi, mzee mwenye ujuzi wa nyumba za udongo, ili aikague kabla sijamaliza kulipa. Fundi alifanya kazi yake vizuri. Aligonga kuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza mlio wake. Alichoma boriti kwa ncha ya kisu kutafuta mchwa. Alinionyesha alama ya unyevu ukutani, yapata magotini, akaniambia kwamba maji hupanda kutoka chini kila masika, na kwamba ukuta wa udongo hufa kwa miguu kwanza, kama mzee. Kisha akahesabu hatua toka ukuta wa nyuma mpaka ukingo wa mto. Zikawa 35. Akasema, "Mwalimu, mto huu hauna hasira kila mwaka, lakini haujasahau njia yake ya zamani." Baadaye nilijifunza kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anunuaye nyumba ya kale ukingoni yafaa ajue kwamba huenda asiruhusiwe kuiongeza wala kuijenga upya ikianguka.

Tulipokuwa tukitazama nguzo za roshani, mama mwenye nyumba akashuka ngazi polepole, ameshika bakuli la peasi. Akatukaribisha kwa furaha. Akasema, "Karibuni, Mwalimu. Kumbe ni wewe aliyekutuma mwanangu! Aliniahidi ataleta fundi aitengeneze roshani kabla ya masika. Mbao hizi za mwisho alizichonga marehemu kwa mkono wake. Mimi nitafia hapa hapa, Mwalimu, lakini nisingependa roshani initangulie." Akacheka, akatupa peasi.

Fundi alinitazama. Mimi nikasema, "Ndiyo, mama, fundi ataitazama."

Ndugu zangu, nalisema uongo. Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa la tano Amri Kumi, na mjukuu wa mama huyo alikuwa mmoja wao. Lile peasi nililitia mfukoni, nikashindwa kulila.

Usiku nilimweleza mke wangu yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, ulinisimulia habari za mpapai wa mama yako mara nyingi, na kila mara ulikuwa na uchungu. Sasa wewe ndiye mwenye kambi." Hakusema zaidi, akazima taa. Mimi sikulala. Nilitafuta neno la kumjibu mpaka jogoo wa kwanza, nisilipate.

Kulipokucha nilikwenda kwa mzee mmoja wa kanisa, ambaye zamani alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaomba aione ile karatasi. Alipokwisha kuisoma aliikunja, akanirudishia, akasema, "Mghosi," maana ndivyo Washambaa wamwitavyo mtu mzima kwa heshima, "umempa fedha mtu asiyekuwa na kitu cha kuuza." Kisha akanieleza mambo ambayo kila mnunuzi yampasa ayajue, nami nitayaandika kama nilivyoyaelewa.

Alisema kwamba mtu akifa, mali yake haiwi ya mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Ni mirathi, na sharti awepo msimamizi wa mirathi. Ukoo hukaa, humpendekeza mtu, na mahakama ndiyo humthibitisha na kumpa barua. Asiye na barua hiyo hana mamlaka ya kuuza hata mlango. Na huyo aliyethibitishwa naye si mwenye mali, bali ni mtumishi wa warithi wote. Alisema pia kwamba hata mume angali hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza kuiuza nyumba ya ndoa bila mkewe kukubali, na mke kadhalika bila mumewe. Tena sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Nikaona haya. Mimi ndiye mwalimu, nami sikuwa nimeuliza hata moja katika hayo.

Nikamwuliza, "Basi nifanye nini, mzee?"

Akasema, "La fedha si kubwa. La kwanza ni yule mama. Asisikie kwa mtu mwingine."

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda. Njia ile niliyoizoea ilikuwa ndefu siku hiyo. Nilimkuta akichambua maharage, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: mwanawe, bei, arbuni, na ule uongo wangu wa Jumamosi. Sikumtetea mwanawe, wala sikumlaumu kuliko nilivyojilaumu mwenyewe. Mama aliendelea kuchambua maharage mpaka ungo ukabaki na mawe tu. Kisha akauliza, "Ulimpa kiasi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Ana madeni, mwanangu yule. Nilijua ana madeni. Sikujua kama nami nimewekwa katika hesabu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilipoinuka kuondoka akaniita, "Mwalimu, na roshani je?"

Nikaona huo ndio mlango pekee ulioachwa wazi kwangu. Nilikuwa nimesema fundi ataitazama. Basi nikamleta fundi, akabadilisha nguzo mbili na mbao saba, akaacha zile za marehemu zilizokuwa nzima. Nililipa shilingi 180,000. Uongo wangu haukugeuka kuwa kweli kwa sababu hiyo, lakini angalau masika yale mama alikaa pakavu.

Yule kijana hakukana deni. Alinirudishia shilingi 1,200,000 kidogo kidogo kwa muda wa miezi 14. Zile 800,000 zilizobaki sijazipata mpaka leo, nami nimeacha kuzidai. Hiyo ndiyo bei ya hekima niliyoitaja mwanzo.

Katika siku zile nilisoma tena habari ambazo nimezifundisha kwa miaka mingi, na mara hii ndimi niliyekuwa mwanafunzi. Nilisoma habari za Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 21. Sikuzote nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba Ahabu alikuwa mtu mbaya sana, mbali na sisi. Sasa nikaona kwamba Ahabu alianza kwa kutamani tu kitu kizuri kilicho karibu na nyumba yake, na kwa kuacha kuuliza mkewe atakipataje. Hapo ndipo nami nilipokuwa nimesimama.

Kisha nikasoma habari za Abrahamu katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 23. Alikuwa mgeni katika nchi ile, kama mimi hapa. Alitaka pango la Makpela apate kumzika mkewe Sara, naye hakwenda kwa Efroni usiku. Alisimama mbele ya watu wote wa mji, langoni, akawaomba wao kwanza wamsemee kwa mwenye shamba. Walipotaka kumpa bure alikataa, akapima shekeli 400 za fedha huku wote wakisikia. Shamba, pango, na miti iliyokuwa mipakani, vyote vilitajwa kimoja kimoja. Na Yeremia naye, katika mlango wa 32, aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, aliweka mashahidi, akaandika hati mbili, moja ya kutiwa muhuri na moja ya kuachwa wazi, akaziweka katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Wazee wetu wa pwani wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nabii alilijua neno hilo zamani sana.

Mwaka mmoja ukapita. Ndipo yule mzee wa kanisa aliponiambia kwamba mume na mke fulani, wazee, wanataka kuuza nyumba yao na kuwafuata watoto wao Muheza. Nyumba hiyo iko juu, mteremkoni, mbali na mto. Haina ghorofa wala roshani. Ina vyumba vitatu, bati lake limeshika kutu upande mmoja, na nyuma una mparachichi mkubwa. Nilipoiona mara ya kwanza moyo wangu haukuruka hata kidogo. Mke wangu ndiye aliyezunguka nyuma, akashika udongo, akaunusa, akasema, "Hapa tutakula."

Mara hii tulikwenda kwa utaratibu. Kwanza tuliwasikia wote wawili, mume na mke, kila mmoja kwa kinywa chake. Kisha watoto wao wakaja, nao wakakubali. Fundi akaikagua nyumba, tukapunguziwa bei kwa ajili ya bati, ikawa shilingi 13,000,000. Tukapeleka habari kwa viongozi wa mahali, nao wakaweka siku ya kuzunguka mipaka, wakawaita majirani wa pande zote nne.

Siku hiyo siwezi kuisahau. Tulitembea kama watu 15, polepole, toka sale moja hata jingine, maana hapa mipaka hupandwa masale. Kwa upande wa chini shamba limepakana na migomba, na mwenye migomba hiyo ni nani? Ni yule mama wa nyumba ya daraja. Nalijua kwamba ana shamba upande ule, lakini sikujua kwamba tutapakana. Alikuja na fimbo yake, amefunga kitambaa kichwani kama aendaye kanisani. Tulipofika pembeni akasimama, akasema, "Masale haya yamehama. Marehemu aliyapanda chini ya jiwe lile." Mwenye kuuza akatazama jiwe, akafikiri, akasema, "Ni kweli, mama. Kijana wangu aliyapanda upya yalipokauka, akapotea hatua mbili." Basi yakang'olewa, yakapandwa penye jiwe, watu wote wakitazama. Jambo hilo lilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilipokuwa nikichimba shimo nikafikiri: hatua mbili hizi, kama ningalinunua usiku, zingalikuwa kesi ya miaka kumi, na mwanangu angaliirithi pamoja na nyumba.

Kisha tukakaa chini ya mparachichi, hati ikasomwa kwa sauti. Wauzaji wakatia sahihi, mume na mke. Mimi na mke wangu tukatia sahihi, wote wawili, maana nyumba ni yetu sote. Majirani wakatia sahihi kama mashahidi. Yule mama hakujua kuandika, akaweka dole gumba. Fedha zilipita benki, mchana.

Ndugu zangu, kama wewe nawe una akiba yako na wataka kununua, yashike machache haya.

Kwanza, tafuta kujua mwenye kuuza ni nani hasa. Kama ni mali ya marehemu, omba uione barua ya usimamizi wa mirathi. Kama ni nyumba ya mume na mke, wasikie wote wawili.

Pili, jua ardhi ni ya namna gani. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, jambo sharti lipite kwa halmashauri ya kijiji, na ni vema baadaye ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila. Ikiwa ni kiwanja kilichopimwa, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ukaulize kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Tatu, itazame nyumba wakati wa mvua. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Tazama miguu ya kuta, boriti, na njia ya maji. Kama mto uko karibu, pima.

Nne, usinunue mpaka usioukanyaga kwa miguu yako pamoja na majirani.

Tano, usitoe arbuni bila shahidi, wala usitume fedha kwa furaha ya usiku. Ngoja kupambazuke.

Sita, na hili ndilo kubwa: nenda ukamsalimu akaaye ndani ya nyumba hiyo. Mwulize yeye ataishi wapi. Kama huwezi kumwuliza swali hilo ukimtazama machoni, nyumba hiyo si yako, hata kama bei yake ni ndogo.

Tumekaa katika nyumba hii miaka miwili sasa. Baba na mama wametoka Korogwe, wakaja kukaa nasi. Baridi ya mwezi wa saba huwasumbua, nasi twawawashia moto mapema. Mama alitaka kupanda mpapai, majirani wakamwambia kwamba baridi hii haiufai, basi akapanda mpeasi nyuma ya jiko. Mche wenyewe alipewa na mama wa nyumba ya daraja. Baba alikaa mlangoni akimtazama anavyochimba, asiseme neno.

Sheria ya nchi yetu yasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini tu kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo hata mimi niliyetoa shilingi 13,000,000 sikununua udongo. Nimepata haki ya kukaa juu yake. Mkristo hapaswi kuona ugumu katika hilo, maana alikwisha fundishwa kwamba dunia ni ya Mungu, na sisi ni wapitaji ndani yake. Lakini mpitaji naye yampasa awe na mahali pa kulala, na mahali hapo apaingie kwa mlango, mchana, watu wakimwona. Jioni nikirudi shuleni bado naipita nyumba ya karibu na daraja. Mama huwa amekaa kwenye roshani yake, na akiniona hunipungia mkono.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu, Mlalo, Usambara.